Wembe wa babu ukilegea, weka nyundo kubwa kando

Juma lililopita niliwaahidi kwamba leo tungezungumza juu ya bomba la jikoni linalovuja. Kunradhi, wasomaji wangu, bomba litangoja kidogo. Jumamosi asubuhi mpwa wangu, ambaye yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu, alibisha mlangoni kwangu akiwa amebandika kipande cha karatasi kidevuni na damu imepenya. Mkononi alishika kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha mamake.

"Umepigana na paka?" nilimwuliza.

"Mjomba, si paka. Ni huu wembe. Una wazimu."

Nilipofungua kitambaa nilinyamaza. Ulikuwa wembe wa marehemu baba yangu, ule wa kukunja, wenye mpini mweusi wa pembe na uzi wa waya wa shaba uliozungushwa karibu na kichwa chake. Tangu baba alipofariki mwaka 1996 sikuwa nimeuona. Dada yangu, kitinda mimba wetu, alikuwa ameuhifadhi sandukuni miaka yote hii, na sasa alikuwa amempa mwanawe ajinyoe nao siku ya mahafali yake, Ijumaa inayofuata. Babu mwenyewe kijana huyu hakumwona. Nadhani mama mtu alitaka angalau kitu kimoja cha mzee kiwepo siku hiyo.

Basi kijana alikuwa ameufungua mbele ya kioo, akaupeleka shavuni, na bapa likayumba mkononi kama jino la mtoto. Kabla hajajua la kufanya, kidevu kilikwisha kupasuka. Njiani akija kwangu alipitia dukani akanunua kichupa cha supa gluu. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichomnyang'anya.

Najua baadhi yenu mna nyembe kama huu makwenu. Wengine mliachiwa na wazee, wengine mmezipata Gikomba katika mafungu ya vyuma vikuukuu, na siku hizi vijana wengi wamezipenda tena. Kwa hiyo naona si vibaya tukae hapa leo tueleze vizuri.

Wembe wa kukunja una sehemu chache tu. Kuna bapa lenyewe, ambalo upande mmoja ni makali na wa pili ni mgongo mnene. Nyuma ya bapa kuna shingo, na baada ya shingo kuna mkia mdogo wa kuwekea kidole. Mpini una pande mbili zilizoachana kidogo ili bapa lipate kulala katikati. Kule nyuma ya mpini kuna kabari ndogo inayozitenganisha pande hizo. Mbele, kimsumari chembamba cha shaba ya manjano kimepita upande wa kwanza wa mpini, kikapita tundu la shingo, kikatokea upande wa pili. Ncha zake zote mbili zimefuliwa juu ya washa ndogo hadi zikawa na vichwa vya mviringo. Mafundi hukiita ribiti. Hakuna skrubu wala nati hapo. Wembe wote unashikiliwa na hicho kimsumari ambacho unene wake ni kama milimita moja na nusu.

Kwa nini hulegea? Shaba ni laini kuliko chuma cha pua, na kila unapofungua na kukunja, shingo huila ribiti kidogo kidogo. Baba yangu alikuwa kinyozi. Siku za soko alitundika kioo chake kwenye mti karibu na soko la Luanda, huko Magharibi, akaweka kiti kimoja, na tangu asubuhi hadi jua kuchwa wembe huo ulifunguka na kufungwa mara zisizo na hesabu. Isitoshe, mpini wa pembe ni kama ukucha: ukikaa miaka mingi mahali pakavu bila mafuta hunywea. Pembe ikinywea, washa iliyokuwa imekaza hubaki inaelea. Ndiyo maana wembe uliowekwa sandukuni ukiwa mzima unaweza kutoka humo ukiwa mlegevu, ingawa hakuna aliyeugusa.

Msidhani kulegea huko ni jambo dogo la kuvumilia. Bapa likiyumba shavuni, huwezi kujua makali yameinama kiasi gani, na wembe wa namna hii hunyoa vyema tu ukiulaza karibu na ngozi na kuushikilia hapo. Lakini kuna hasara ya pili ambayo wengi hawaioni. Unapoukunja, bapa lililolegea halirudi katikati. Hugonga upande wa mpini kwa makali yake. Nilimpeleka mpwa wangu dirishani, nikamwonyesha kwa lenzi ya kusomea: makali yalikuwa na mapengo mawili madogo, kama meno ya msumeno wa mtoto. Hayo ndiyo yaliyomkata, zaidi ya mkono wake mwenyewe.

"Sasa mjomba, tukiweka gluu si itashika?"

La hasha. Gluu itashika, ndiyo, itashika kila kitu. Itaingia kati ya shingo na mpini, bapa likatae kukunjika, au likunjike kwa kishindo siku gluu itakapokatika. Na maji yatakayonaswa ndani yake yatakula chuma polepole mahali ambapo huwezi kuona. Wengine huchomeka karatasi au kijiti cha kiberiti. Hiyo nayo hunywa maji ya sabuni na kuleta kutu. Tafadhali, kwenye ribiti usitie kitu chochote ila tone la mafuta.

Kazi yenyewe huanza kwa kutazama. Kwanza funga makali. Tumia ule utepe wa mafundi wa umeme, uzungushe bapa lote mara mbili au tatu, na uwe umelifunika kabisa kabla hujashika nyundo wala tupa. Halafu safisha kiungo kwa mswaki mkuukuu na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo. Usiuloweke. Pangusa, uache ukauke sawasawa, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani. Utashangaa: wembe mwingine ulionekana kukaza kumbe ulikazwa na uchafu wa sabuni ya miaka, na ukishausafisha ndipo unaona jinsi ulivyolegea.

Sasa shika mpini kwa mkono mmoja na shingo kwa mwingine, uitikise kushoto na kulia. Ukiona washa inacheza au ribiti inatembea tunduni mwake, ugonjwa ni wa ribiti. Lakini kama hapo pamekaza na bado bapa linaegemea upande mmoja ukiukunja, basi ni mpini uliopinda, na kugonga ribiti hakutakusaidia hata kidogo. Mpini wa pembe uliopinda hulainika kwa maji ya moto, ukanyooshwa taratibu na kubanwa hadi upoe. Hiyo ni kazi nyingine, na usiijaribu kama hujui mpini wako ni wa kitu gani, kwa sababu nitakazozitaja hivi punde. Wembe wa baba ulikuwa na ugonjwa wa kwanza.

"Na huu waya, mjomba?" kijana aliuliza. "Nilitaka kuutoa. Unaharibu sura."

Nilimwambia aketi.

Mwaka 1974 nilikuwa kidato cha pili, nimerudi nyumbani likizo. Baba alikuwa analalamika kwamba wembe umeanza kucheza na kwamba siku ya soko inayofuata itambidi apite kwa fundi mmoja wa saa. Mimi, msomi wa nyumba, nikaona fundi wa saa wa nini. Baba alipokwenda shambani nikachukua ile nyundo ya kupigilia mabati, nikaweka wembe juu ya jiwe la kufulia, nikaipiga ribiti mara moja tu, kwa nguvu zangu zote. Pembe ikalia kama kijiti kikavu. Ufa ulianzia kwenye tundu la ribiti ukakimbia hadi karibu na katikati ya mpini.

Niliurudisha mfukoni mwa koti lake bila kusema neno. Jioni aliukuta. Hakuniuliza. Aliketi mlangoni akatafuta waya mwembamba wa shaba, akauzungusha mpini, akaukaza kwa koleo, akasaga ncha zake zisimchome mtu. Siku ya soko akaondoka nao kama kawaida. Hadi anafariki hakunitajia habari hiyo, na mimi pia sikumwambia kamwe. Dada yangu atayasoma haya leo gazetini kama ninyi.

Basi tuendelee. Nyundo inayofaa ni ndogo, ya kichwa cha mviringo, isiyozidi gramu mia moja hivi. Masonara na mafundi wa saa wanayo, na hata Kamukunji kwa mafundi wa Jua Kali huwezi kukosa. Chini unahitaji chuma kizito na laini. Kama huna fuawe ndogo, bana nyundo kubwa kwenye jiliwa, uso wake ukitazama juu. Hiyo ndiyo kazi pekee ya nyundo kubwa katika habari hii.

Fungua bapa litoke nje ya mpini ili mpini upate kulala sawa, kisha weka kichwa cha chini cha ribiti juu ya chuma. Kiwe kimekaa barabara. Kama chuma kinagusa mpini badala ya ribiti, utaupasua. Halafu gonga kichwa cha juu polepole, kama mtu anayegonga ganda la yai la kuchemsha. Usigonge katikati. Ukigonga katikati kwa nguvu, kimsumari hujikunja humo ndani, nawe utadhani kimekaza kumbe umekiharibu. Gonga pembezoni, ukizunguka kichwa chake kama mshale wa saa. Unachotafuta ni kile kichwa kitanuke kidogo na kuikandamiza washa. Mara nane au kumi zatosha. Geuza wembe, ufanye vivyo hivyo upande wa pili. Halafu simama, uujaribu.

Ukiona bado unacheza, rudia. Ukiona umekaza kidogo, rudia kwa kugonga kidogo zaidi. Kazi hii ni ya dakika ishirini, si ya dakika moja, na anayeona haya kuonekana akigonga kitu kama mtoto anayecheza na kijiko afadhali asiianze.

Utajuaje umefika? Liache bapa nusu wazi kisha ushike mpini tu. Lisidondoke kwa uzito wake lenyewe, bali likae pale ulipoliacha. Papo hapo uweze kulifungua kwa kidole gumba bila kushindana nalo. Likiwa gumu mno, usigonge tena. Tia tone la mafuta, ufungue na kukunja mara thelathini hivi, litalainika. Mwisho ukunje polepole ukiutazama kwenye mwanga: makali yalale katikati bila kugusa upande wowote.

Kuna wakati ribiti imeliwa hadi ikawa nyembamba kama sindano, na hapo kugonga ni kupoteza wakati. Dawa ni kusaga kichwa kimoja kwa tupa hadi washa itoke, kukisukuma kimsumari nje, na kutia kingine cha shaba cha unene unaolingana na tundu. Pande zote mbili kiache kitokeze kama milimita moja juu ya washa, kisha ukifue kama nilivyoeleza. Kwa mtu wa mara ya kwanza, na hasa kwa wembe wa marehemu, ningesema mpelekee sonara. Yeye hufanya kazi ndogo zaidi ya hiyo kila siku.

Sasa zile sababu za kujua mpini ni wa nini. Pembe ya ng'ombe au nyati ndiyo ya kawaida kwa nyembe za zamani, na huvumilia. Ukiipaka mafuta kidogo na kuiacha usiku kucha, hurudisha uhai wake. Mipini ya mbao ina tabia yake. Iko pia mingi ya seluloidi, ile plastiki ya mwanzo iliyotengenezwa ionekane kama pembe ya ndovu au gamba la kasa. Hiyo iogopeni. Hushika moto haraka sana, kwa hiyo usiipashe moto wala usiichome sindano ya moto kuijaribu kama wengine wanavyoshauriana. Tena ikizeeka huanza kuoza na kutoa mvuke unaokula chuma. Ukiona wembe umeota kutu pale tu bapa linapolala ndani ya mpini, na kwingine ni safi, shuku jambo hilo, na usiuweke sanduku moja na nyembe nyingine.

Na kuna pembe ya ndovu yenyewe. Viwanda vya Sheffield, kule Uingereza, vilinunua pembe nyingi sana kwa ajili ya mipini ya visu na nyembe, na sehemu ya pembe hizo ilitoka katika Afrika Mashariki yetu hii kupitia Unguja. Kwa hiyo wapo ndovu wa huku waliokwenda Ulaya wakarudi wakiwa mipini. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, mwaka ule ule Kenya ilipochoma tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi, na sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kukaa na pembe bila kibali. Ukishuku kwamba mpini wa babu yako ni wa ndovu, usiupeleke sokoni kuuza. Waone watu wa KWS kwanza.

Wembe wa baba nao umepigwa muhuri wa Sheffield shingoni. Mzee alidhani hilo ni jina la mwenye kiwanda, na alikuwa akimsifu Bwana Sheffield kwa wateja wake. Mji huo ulipata sifa hasa baada ya Benjamin Huntsman, katika miaka ya 1740, kugundua njia ya kuyeyusha chuma cha pua katika vyungu vidogo kikatoka safi. Mshindani wake mkubwa alikuwa mji wa Solingen huko Ujerumani. Halafu Mmarekani King Camp Gillette akaanza kuuza wembe wake wa kutupwa mwaka 1903, na taratibu nyembe za kukunja zikahamia kwa vinyozi, na kutoka kwa vinyozi hadi masandukuni.

Kwa baba ulihamia sandukuni kwa sababu nyingine. Miaka ya mwisho ya themanini, watu wa afya walipita barazani wakieleza kwamba ugonjwa wa UKIMWI huweza kupitia wembe mmoja unaotumiwa na watu wengi. Wengi walibisha. Baba aliwasikiliza, akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakumnyoa mtu mwingine kwa wembe huo. Waliotaka kunyolewa walikuja na nyembe zao mpya katika karatasi. Wembe wa kukunja aliuacha kwa kidevu chake peke yake. Nanyi mfanye hivyo hivyo. Mpini wa pembe hauwezi kuchemshwa bila kuharibika, na kupangusa kwa spiriti mbio mbio si kuua kila kitu. Wembe wa namna hii ni wa mtu mmoja nyumbani, si wa baba na vijana wake watatu.

Kijana aligonga mwenyewe. Mimi nilikaa kando nikamhesabia. Alipofika raundi ya nne upande wa pili aliuinua, akauacha nusu wazi, na bapa likatulia. Akaukunja mbele ya dirisha, makali yakalala katikati. Washa iliyo upande wa ufa tuliigonga kidogo zaidi ya nyingine, maana pembe yenye ufa haitaki mzaha, na waya wa baba ulishika vizuri.

Lakini kunyoa hakunyoi bado. Yale mapengo mawili lazima yaondolewe kwa kinoo, tena kinoo cha kulainisha, si lile jiwe la kunolea panga, na bapa lilazwe mgongo na makali pamoja, likisukumwa makali mbele. Baada ya hapo ni ukanda wa ngozi, ambapo huvutwa mgongo mbele, kwani ukikosea utaukata ukanda. Kwa mikono yangu hiyo ni kazi ya siku kadhaa, na nimemwambia hivyo. Ijumaa alikwenda mahafali amenyolewa kwa wembe wa dukani wa shilingi chache, na kidevu kina plasta. Wembe wa babu yake ulikuwa mfukoni mwa koti, ndani ya joho, umefungwa utepe mweusi.

Dada yangu alinipigia simu usiku kuuliza kama waya tumeutoa. Nikamwambia haujatolewa. Akaniuliza aliyeuweka ni nani na kwa nini, nikamwambia anunue gazeti Jumapili.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, turudi kwenye bomba. Uwe na spana na kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli.